Aliyebaki jikoni wakati wa ibada

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji kama mahubiri ya Jumapili yanabadilisha chochote katika mwenendo wa waumini ifikapo Jumatatu. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro, na jibu langu ni kwamba yanabadilisha, lakini ni pale tu mhubiri anapomsema msikilizaji aliyeketi mbele yake. Mahubiri dhidi ya mafisadi huitikiwa "amina" kwa sauti kubwa kuliko mengine yote, kwa kuwa kila aliyemo kanisani ana hakika kwamba anayesemwa ni mtu mwingine.

Sisi Walutheri wa Tanzania tuna pa kujificha pazuri zaidi. KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iliyozaliwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa 7, imejenga shule na hospitali nyingi, na hapa Moshi tunayo hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Kwa hiyo mfano wa Msamaria unaposomwa, mtu humshukuru Mungu kwamba kazi hiyo tayari inafanywa na wanaohusika, akatia bahasha yake ya ahadi kapuni, akatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao na mifugo na kununua mkungu wa ndizi kwa bei inayozidi ya sokoni mara tatu, kisha akarudi nyumbani akijiona hana deni kwa mtu. Siubezi mnada; mimi mwenyewe nimewahi kumnunua jogoo, nikamrudisha kwa Bwana, na kumnunua tena asubuhi hiyohiyo.

Miaka michache iliyopita mchungaji wetu alihubiri juu ya amri ya tatu, ile ya kuitakasa siku ya mapumziko. Watoto wa kipaimara huikariri pamoja na maelezo yake katika Katekisimu Ndogo, kitabu cha mafundisho cha Martin Luther, ambayo yanahimiza kuliheshimu Neno la Mungu na kulisikiliza kwa furaha. Yeye hakuishia hapo. Alifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, mstari wa 14, ambapo mapumziko yanaagizwa kwa mwana na binti, kwa mtumwa na mjakazi, hata kwa ng'ombe na punda, ili mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na bwana wao. Akaongeza kwamba Luther mwenyewe, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alieleza kuwa siku hiyo inahitajika ili watumishi waliofanya kazi wiki nzima nao wapumzike. Kisha akauliza ni nani aliyekuwa akipika chakula cha mchana nyumbani kwa kila mmoja wetu saa ile. Hakuna aliyesema amina.

Kwetu alikuwepo dada wa kazi. Tunamwita dada, jina la undugu ambalo limefunika mengi. Kwa miaka minne aliyokaa nasi alikuwa amesali Krismasi na Pasaka tu. Kila Jumapili aliamka saa kumi na moja alfajiri, akachemsha maji, akapiga pasi nguo na kuwaandaa watoto, ili sisi tuwahi ibada na kuketi viti vya mbele. Niliwahi kusifiwa katika baraza la wazee kwa kuwahi huko.

Katika kikao kilichofuata, mzee mmoja aliyestaafu utumishi wa serikali alitukumbusha kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi, na wa nyumbani akiwemo, mapumziko yasiyopungua saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba kanisa lishike Injili na mambo ya mishahara liiachie serikali. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini naona Yakobo aliishaijibu katika sura ya 5 ya waraka wake, anaposema kwamba ujira uliozuiwa unapiga kelele na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kama ni hivyo, suala la mshahara linafika mbele za Mungu hata sisi tukikataa kulifikisha.

Si nyumba nyingi zilizobadilika. Wapo waliosema dada zao hawana pa kwenda, kana kwamba mapumziko lazima yawe safari. Mchungaji hakuchoka, alilirudia somo lile katika ibada za jumuiya, zinazofanyika majumbani, na huko ndiko lilikouma. Kanisani mtu hujificha katikati ya watu mia nne, lakini sebuleni, mwenye nyumba akiwa bado ameshika Biblia, dada mwenyewe ndiye anayeingia na chupa ya chai.

Nyumbani kwetu tulikubaliana na dada kwamba Jumapili itakuwa siku yake, bila kukatwa chochote katika mshahara. Mke wangu alimwandalia nguo ya kanisani, na mimi nilikuwa nimeshamweleza kuhusu ibada ya kwanza. Jumapili ya kwanza hakwenda ibada yoyote. Alilala hadi saa nne. Sisi tulichelewa, tukakaa nyuma, na shati langu halikuwa limepigwa pasi.