Jibu: Mke ana kauli gani nyumba inapouzwa Rungwe?

Ndugu yangu, umeuliza kama mume anaweza kuuza nyumba ya familia huko Rungwe, mkoani Mbeya, Tanzania, bila mkewe kuridhia. Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, hufuata ukoo wa baba, hivyo kimila mali huhesabiwa kuwa ya upande wa mume, ingawa mke ndiye anayeamkia shambani kupalilia migomba, jambo ambalo kwangu ni dhuluma. Hata hivyo, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Mgogoro ukigusa ardhi, mama huyo aende kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe 7, wakiwemo wanawake 3, kabla mnunuzi hajakabidhi fedha.