Je, manispaa zetu zimiliki miundombinu ya intaneti? Majibu kwa wasomaji

Halmashauri inayochelewa kuzoa taka itaiweza intaneti kweli? (Msomaji, Mbagala)

Shaka yako ni ya haki, na ndiyo maana sitaki manispaa iuze vifurushi au ipokee malalamiko ya wateja usiku wa manane. Ninachotetea ni manispaa kumiliki mabomba na nyaya za faiba (nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti) zilizofukiwa kando ya barabara, kisha kuzikodisha kwa kila kampuni yenye leseni kwa bei moja iliyotangazwa hadharani. Jiji la Stockholm, Sweden, limefanya hivyo tangu mwaka 1994 kupitia kampuni yake ya Stokab, ambayo haimuuzii mwananchi intaneti, bali hukodisha faiba kwa makampuni, nayo yakashindana kwa bei na ubora juu ya nyaya hizohizo.

Mkongo wa Taifa upo, na kampuni ya simu ya TTCL ni mali ya umma. Kwa nini tujenge kingine? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Mkongo, yaani njia kuu ya faiba ya nchi, huunganisha mikoa yetu na nchi jirani, na nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilikwisha kufika hapa Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010. Kinachopungua ni kipande cha mwisho, kutoka barabara kuu hadi mlangoni mwa duka, shule au nyumba. Kampuni ya binafsi hupeleka faiba kwanza pale inapoona wateja wengi wenye uwezo, jambo ambalo kibiashara halina kosa, lakini anayeishi pembezoni mwa jiji hubaki na bando la simu, hata kama watoto wake wanahitaji intaneti ya kusomea sawa na watoto wa Masaki. Hata hivyo, tusidanganyane: nyaya hizo mbili za baharini zilipokatika Mei 2024, mtandao wa manispaa usingetuokoa.

Kuna mji uliojaribu ukashindwa? (Msomaji, Sinza)

Upo, na viongozi wetu wausome vizuri. Mji wa Provo, jimbo la Utah nchini Marekani, ulitumia takriban dola milioni 39 kujenga mtandao wake, kisha mwaka 2013 ukauza mtandao huo kwa Google kwa dola 1, huku wakazi wakiendelea kulipa deni. Chattanooga, jimbo la Tennessee, ulifanikiwa: mwaka 2010 shirika lake la umeme, EPB, lilianza kutoa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde. Lakini EPB lilikuwa tayari na nguzo, mafundi na wateja, na lilipata ruzuku ya serikali kuu ya takriban dola milioni 111 kwa ajili ya kuboresha gridi ya umeme. Manispaa zetu hazina msingi huo, kwa kuwa umeme uko mikononi mwa TANESCO, hivyo ningepinga waziwazi kukopa fedha nyingi ili kujenga mtandao wa mji mzima kwa mkupuo mmoja.

Sheria inaruhusu? (Msomaji, Kigamboni)

Anayetaka kujenga na kukodisha miundombinu ya mawasiliano huhitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya kusimamia mawasiliano. Aidha, barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo manispaa haiwezi kujiamulia peke yake.

Mimi ni diwani. Tuanzie wapi? (Ubungo)

Anzeni na barabara ambazo zitachimbwa kwa sababu nyingine, kwa kuwa gharama kubwa ya faiba imo katika kuchimba na kufukia, wala si katika waya wenyewe. Daini bomba tupu la kupitishia faiba baadaye liwekwe katika kila mradi wa barabara au mfereji wa maji ya mvua, na matawi yake yaelekee kwenye shule, zahanati na ofisi ya kata. Kisha baraza lichapishe bei ya kukodi kabla kampuni ya kwanza haijaomba, ili asipatikane mpangaji wa kupendelewa. Bomba hilo liwemo kwenye michoro kabla zabuni haijatangazwa, kwani lami ikishamwagwa, kila kampuni itakuja kuipasua kwa zamu yake.