Ameshaumwa na mbwa, chanjo ya nini tena?

SWALI: Daktari, shikamoo. Jumatatu mwanangu wa miaka 8 aling'atwa kigimbi na mbwa wa mtaani, damu ikatoka. Kituoni alichomwa chanjo, tukaambiwa turudi. Kidonda sasa kimekauka, na jirani anasema chanjo ni ya mtu ambaye hajaumwa. Nimrudishe?
Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Mrudishe, tena siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Kidonda kinaweza kupona kabisa huku kirusi cha kichaa cha mbwa kimo safarini.

Kwa surua, ambayo kwa kawaida huchanjwa kabla mtu hajaambukizwa, jirani yako angekuwa na hoja. Lakini kirusi cha kichaa cha mbwa kina mwendo wa taratibu: hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni, mara nyingi kwa mwezi 1 hadi 3, ingawa kuna wanaougua mapema zaidi. Kikishaingia kwenye mishipa hiyo, kinga ya mwili haikioni vizuri, na dalili zikianza karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo tunawahi. Chanjo ina kirusi kilichouawa, hakiwezi kumwambukiza mtoto. Seli za kinga hujifunza umbo lake na kuanza kutengeneza kingamwili za kukinasa kile kilicho hai. Dozi zinazofuata huziongeza kingamwili hizo na kuziimarisha. Aliyeanza Jumatatu hurudi Alhamisi, kisha Jumatatu mbili zinazofuata. Baadhi ya ratiba zina dozi ya siku ya 28. Mkichelewa, endeleeni mlipoishia, msianze upya. Sindano ipigwe begani, kamwe isiwe takoni, kwa kuwa mafuta ya pale huidhoofisha.

Lakini kingamwili hizo huchukua siku 7 hadi 10 kutokea. Pengo hilo ndilo linalotutia hofu, na huzibwa kwa seramu yenye kingamwili zilizo tayari. Ngozi ikitoboka, seramu inahitajika, kwa hiyo uliza kituoni kama alipewa. Iliyotokana na damu ya binadamu ni yuniti 20 kwa kila kilo ya uzito, yaani 440 kwa mtoto wa kilo 22. Iliyotokana na damu ya farasi ni 40 kwa kilo. Huchomwa ndani ya kidonda na kukizunguka. Zikipita siku 7 tangu chanjo ya kwanza haitolewi tena: mwili umeshaanza kutengeneza zake, na seramu ingeuzubaisha.

Kwa mwingine atakayeumwa: kwanza osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa; huchubua nyama na kukipa kirusi njia.

SWALI: Nilimaliza chanjo hizo mwaka jana. Paka kaniuma. Nianze upya?
Msomaji, Pangani

JIBU: Hapana. Seli za kinga zinazokikumbuka kirusi bado zipo, zinahitaji kuamshwa tu. Osha kidonda, upate dozi 2, leo na baada ya siku 3, bila seramu. Nenda na kadi ya zamani. Asiyeweza kuonyesha kwamba alimaliza huhesabiwa kama hajachanjwa.