Je, distrofi ya misuli ni ugonjwa wa lishe?

Swali: Nasomea uuguzi. Kila ninapogeuka nakuta "trofi": atrofi, haipatrofi, distrofi, na kwenye biolojia ototrofi na utrofikesheni. Nasikia kwa Kigiriki maana yake ni lishe. Je, distrofi ya misuli hutokana na lishe duni?

Jibu: Hapana. Distrofi ya misuli ni kundi la magonjwa ya kijeni yanayodhoofisha misuli polepole. Nafurahi umeuliza mapema, maana mzazi wa mtoto mgonjwa akiambiwa hivyo atajilaumu bure.

Asili ni moja kweli: trofe, yaani chakula, kutoka kitenzi chenye maana ya kulisha na pia kukuza. Waliotunga majina ya kitabibu waliona kiungo kimesinyaa au kimenenepa, wakakiita kwa hali waliyoiona. Chanzo hawakukitaja.

Chukua distrofi ya Duchenne, aina ya distrofi ya misuli inayoanza utotoni. "Dis" ni ubovu, lakini tatizo liko kwenye jeni iliyo katika kromosomu ya X, ambayo ndiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini ya distrofini. Protini hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1987, huukinga utando wa seli ya msuli kila msuli unapojikaza. Ikikosekana, utando huchanika, seli hufa, na mahali pake hujaa mafuta na kovu. Ndiyo maana vigimbi vya mtoto huweza kuonekana vinene na bado akashindwa kusimama bila kujishika. Mlo bora unamfaa, kama unavyomfaa mgonjwa yeyote, ila haurekebishi jeni.

Atrofi, yaani kukosa lishe, husema ukweli nusu. Njaa kali husinyaza misuli, lakini mguu uliofungwa plasta kwa wiki kadhaa nao husinyaa hata mgonjwa akila vizuri, kwa sababu haufanyi kazi. Msuli uliokatika neva yake ni vivyo hivyo.

Kwenye haipatrofi shika jambo moja: seli zinakuwa kubwa, haziongezeki idadi. Zikiongezeka idadi, hiyo ni haipaplasia. Na usidhani unene ni afya. Shinikizo la damu la muda mrefu hunenepesha ukuta wa ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini), ukakakamaa, na moyo ukashindwa kujaa damu vizuri.

Katika ekolojia maana ya chakula imebaki wazi. Ototrofi hujitengenezea chakula chake, kama mimea. Heterotrofi hula wengine. Utrofikesheni ni maji kulishwa kupita kiasi: nitrojeni na fosforasi hustawisha mwani, mwani hufa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni, na samaki hukosa hewa.

Ukiona "tropi" badala ya "trofi", simama kidogo. Mzizi huo ni mwingine, wa kugeuka au kuelekea, kama fototropizimu, mmea unapopinda kuufuata mwanga. Katika majina ya homoni vitabu huandika mara "tropini", mara "trofini", kwa homoni ileile. Hapo soma kazi ya homoni, tahajia isikusumbue.