Mama anarudi kazini, mtoto anabaki na baba: makabidhiano yafanyikeje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata siku 3, tena ndani ya wiki ya kwanza. Likizo ya mama ikiisha, mmoja ana wiki 12 za uzoefu na mwenzake ana siku tatu. Sasa kama baba ndiye anayebaki nyumbani, iwe amejiajiri, anaingia zamu ya usiku au kazini wamepunguza watu, atababaika. Si kwamba hawezi, ila hajakabidhiwa kazi.

Makabidhiano yaanze wiki mbili kabla mama hajaripoti, na yaanze na maziwa. Kila siku baba amlishe mtoto mara moja maziwa yaliyokamuliwa, na mama atoke kabisa, aende hata sokoni. Akijificha chumbani, mtoto atasikia sauti yake na kukataa kikombe. Tumia kikombe kidogo chenye mdomo mpana, maana chupa na chuchu zake ni ngumu kusafisha na mabaki yake huleta kuharisha. Mkalishe mtoto wima, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike mdomoni, halafu subiri ayavute mwenyewe. Ukimmiminia yatampalia.

Mtoto wa miezi mitatu anayenyonya tu hutumia wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa saa 24. Mama akiwa nje kwa saa 9, kadiria milo mitatu ya mililita 90 hadi 120. Yahifadhi kwenye vyombo vya mililita 60, kwa sababu yaliyobaki baada ya mtoto kuanza kuyanywa humwagwa zikipita saa 2, na mama aliyekamua alfajiri hatafurahi kuona yakimwagwa. Kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 maziwa hukaa saa 4. Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba cha namna hiyo ukipate wapi bila kiyoyozi? Yaingie kwenye friji mara moja, nyuma kabisa, si mlangoni. Humo hukaa siku 4. Kuyapasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto. Usiyachemshe wala kuyatia kwenye maikrowevu. Mafuta yakijitenga juu hayajaharibika, yazungushe taratibu yachanganyike.

Huko kazini mama naye akamue kila baada ya saa 3 hivi, la sivyo maziwa yatapungua. Sheria hiyohiyo inamruhusu hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Aliombe hilo kwa maandishi kabla hajarudi, siyo baada ya kuanza kukemewa kwa kuchelewa.

Kazi nyingine za mtoto zikabidhiwe nzimanzima. Anayefua nepi ndiye anayeloweka, anayesuuza mara mbili, anayeanika juani, na ndiye anayejua sabuni inaisha lini. Mama akipiga simu saa nne asubuhi kuuliza kama mtoto amebadilishwa, kazi bado iko kichwani mwake, kilichohama ni mikono tu. Naye akifika jioni asivue nepi ili aifunge upya kwa sababu imekaa upande. Baba akiona hivyo mara mbili tatu ataacha, na atakuwa na sababu.

Fedha ya matumizi itumwe kwenye simu ya baba kwa wiki nzima. Mwanamume wa kuomba elfu mbili ya nyanya kila asubuhi hatadumu kwenye mpango huu, na wanawake wanajua hilo kuliko yeyote. Ndugu watasema kalishwa limbwata. Waseme. Ila mama mkwe akija kukaa mwezi mzima, baba mwenyewe ndiye amweleze mama yake utaratibu wa nyumba, asimwachie mkewe.

Na kuna mabadiliko ya uongo: baba anasifiwa kwa kubaki na mtoto huku dada wa kazi ndiye anayelisha, kuogesha na kufua. Kama yupo, zitajwe kazi zake na siku yake ya mapumziko kila wiki, na za baba zibaki za baba.

Kliniki isisahaulike. Likizo iliyoanza siku ya kujifungua huisha mtoto akiwa na wiki 12, na chanjo ya wiki 14 iko mbele tu. Itaangukia mikononi mwa baba, kisha ya surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Aende na kadi, kikombe cha maziwa na nepi mbili. Homa kidogo siku hiyo ni kawaida. Paja lililochomwa lisikandwe wala kupakwa chochote, na dawa ya homa apewe kwa kipimo alichoelekeza muuguzi kulingana na uzito. Homa ikizidi siku mbili, au mtoto akilia mfululizo zaidi ya saa 3, arudishwe kituoni bila kumsubiri mama atoke kazini.