Pawa saplai ya anodaizi: ampia kwanza

Nataka kupiga anodaizi, yaani kupitisha umeme kwenye alumini iliyozama ndani ya asidi ili ijenge utando mgumu juu yake, kwa vipuri vidogo vya baiskeli, nyumbani. Ninunue pawa saplai ya volti ngapi?

Volti ni swali la pili. La kwanza ni ampia ngapi, na jibu lake liko kwenye kipuri chenyewe. Chukua rula, pima eneo lote litakalozama, mbele na nyuma. Kila mraba wa sentimita 10 kwa 10 unataka ampia 1 hadi 1.5. Bamba la sentimita 10 kwa 15, pande zote mbili, ni miraba mitatu: ampia 3 hadi 4.5. Kwenye asidi ya salfuriki, ileile ya betri, volti zitajipanga zenyewe, kwa kawaida kati ya 12 na 18.

Kwa hiyo tafuta pawa saplai ya mezani ya DC, umeme unaokwenda upande mmoja, yenye vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha volti na kimoja cha ampia. Ya volti 30 na ampia 5 itakutosha. Kama mfuko unaruhusu, chukua ya ampia 10. Kipuri kiende upande wa chanya. Funga ampia pale unapozitaka, fungulia volti, mashine ishike ampia yenyewe. Utando ukikua, volti nazo zitapanda taratibu. Usishtuke, ndiyo kazi inakwenda. Kwa ampia 1 kwa mraba, utando wa unene wa mikroni 10 (sehemu 10 kati ya elfu za milimita) unachukua zaidi kidogo ya nusu saa.

Ninayo chaja ya betri ya gari. Haitoshi?

Ile ya zamani, nzito, ya transfoma, itafanya kazi kwa kubahatisha. Haina pa kuzuia ampia, na kipande kidogo kitaunguzwa. Za kisasa nyingi hazitoi umeme mpaka zihisi betri, na ndoo ya asidi si betri.

Na ya kompyuta?

Ina volti 12 na haipandi hapo. Ukiizidishia mzigo inajizima. Mimi nisingehangaika nayo.

Umeme kwetu unakatika sana. Betri za sola je?

Hili swali nimelipenda. Unga mbili za volti 12 kwa mfululizo upate 24, kisha weka kati kifaa cha kushusha volti chenye skrubu mbili, ya volti na ya ampia. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri: klipu zikigusana bila fyuzi, waya utawaka kabla hujanyanyua mkono.

Shikamoo fundi. Niko Dar, kazi yangu inatoka na ungaunga unaofutika kwa kidole. Pawa saplai mbovu?

Marahaba. Sidhani, naona joto. Asidi inatakiwa iwe karibu na nyuzi 20, na maji ya bomba ya Dar yanatoka yameshazipita. Halafu umeme nao unapasha: volti 15 kwa ampia 5 ni wati 75 ndani ya ndoo. Asidi ya moto inaula utando huku unajengeka. Zamisha chupa za barafu zilizozibwa vizuri, koroga, pima kwa kipimajoto. Waya wa kuning'inizia nao uwe wa alumini. Shaba usiizamishe.

Mashine hiyohiyo itanipa rangi za titani?

Baadhi tu. Kwenye titani rangi inafuata volti: bluu huja karibu na 30, kijani kinataka karibu 100. Ampia ni kidogo mno, ndiyo maana wengine huunganisha betri ndogo za volti 9 mfululizo. Lakini volti 100 za DC zinaweza kuua. Zima kwanza, ndipo uguse.

Mke wangu amekataa nifanyie jikoni.

Yuko sahihi. Upande wa hasi unatoa haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo ndoo ikae nje, mbali na jiko la mkaa. Vaa miwani na glovu. Asidi ya betri nusu kwa nusu na maji itakufikisha karibu asilimia 20: maji yatangulie kwenye ndoo, asidi ifuate polepole. Na sufuria ya kuchemshia kazi ukimaliza, ile ya kuziba vitundu vya utando, nunua yako.