Mke kakutwa na maambukizi kliniki, mimi sina: jibu langu kwa mkuu aliyeuliza

Mkuu uliyeuliza kwamba mkeo ana mimba ya miezi minne, kapimwa kliniki kakutwa na virusi vya UKIMWI, wewe umepima huna, na unataka kujua umrudishe kwao leo au usubiri ajifungue, hebu kaa chini kwanza. Mimi hilo benchi nimelikalia 2017 huku Kanda ya Ziwa, na hao wadau hapo juu wanaokwambia "kashakanyaga waya huyo, timua" sidhani kama wameshawahi hata kumsindikiza mtu kliniki.

Mimi nilienda kwa sababu ya foleni tu, nisijisifu. Pale anayekuja na mume anahudumiwa kwanza, asiye na mume anaambiwa akalete barua ya serikali ya mtaa, kuna dada siku ile alimlipa bodaboda aingie nae kama baba kijacho, jamaa kuulizwa mimba ina miezi mingapi akababaika mpaka benchi zima likacheka. Na mimi nilicheka. Tukaingia, tukatobolewa vidole pamoja, robo saa baadae kipimo changu kina mstari mmoja, cha kwake miwili. Nesi akarudia kwa kipimo cha aina nyingine, majibu yale yale. Nikauliza swali lako hilo hilo, imekuwaje? Yule mama akanijibu, baba, hiki kinasoma damu ya leo, hakisomi kaupata lini wala kwa nani.

Nilimchukia aisee. Lakini ndo ukweli, mtu anaweza kukaa nao miaka hajui, anaweza kuwa aliingia nao kwenye ndoa kabla hata hujamtolea posa, na wewe usiupate muda mrefu tu kwa sababu sio kila tendo linaambukiza. Alafu na wewe usitambe sana, kile kipimo cha kidole hakitafuti virusi vyenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili unatengeneza kupambana navyo, na kinga hiyo inaweza kuchukua mpaka miezi mitatu kuonekana, kwa hiyo kapime tena. Mimi nilirudia mara tatu na kila usiku wa kuamkia kipimo silali.

Sasa mtoto, maana uzi mzima watu wanajadili nani alichepuka na tumbo linakua. Bila dawa, kwenye watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 mpaka 45 wanaupata, iwe tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwenye ziwa. Mama akimeza dawa vizuri wanashuka chini ya 5 hata kama ananyonyesha. Tanzania tangu 2013 mjamzito akikutwa nao anaanzishiwa dawa hapo hapo na anaendelea nazo maisha, zamani ilikuwa mpaka CD4, zile chembe za kinga kwenye damu, zishuke, na dawa ni bure. Ukimnunia mpaka akaanza kumeza kwa kuvizia, ataruka dozi, na dozi ikirukwa mnaoumia ni wote watatu.

Nalijua hilo kwa sababu ya kopo. Lile kopo la vidonge likiwa jipya linalia kama kayamba, wangu alikuwa analijaza pamba na kulifukia kwenye ndoo ya unga, na mimi najifanya sijui, wiki kama tatu hivi tunaishi hivo kama wapangaji. Siku nimeenda kutafuta unga nikalikuta, nikatoa ile pamba nikaliweka kabatini karibu na majani ya chai. Hakusema kitu, wala mimi. Usiku akameza mbele yangu. Dawa za kipindi kile zilikuwa na Efavirenz, zilimpa ndoto za ajabu anaamka anapiga kelele, ilitulia baada ya mwezi hivi.

Mtoto alipozaliwa alipewa nevirapini ya maji wiki 6, kila asubuhi nainyonya kwenye bomba la sindano nampa mdomoni, kazi hiyo ilikuwa yangu. Wiki ya sita wakamtoboa kisigino, matone kwenye kadi yenye viduara, inapelekwa maabara unasubiri, na ule usubirifu siuelezi. Tabu kubwa kuliko zote ilikuwa mama yangu mzazi, kaja kulea, mjukuu ana miezi miwili anataka ampe uji eti analia njaa. Tulishaambiwa miezi 6 ziwa tupu, maana vyakula vya mapema vinachubua utumbo wa mtoto na virusi vinapata njia. Siwezi kumwambia mama sababu. Nikasema daktari amekataza, akanuna siku mbili, akasema nimekaliwa. Potelea mbali. Miezi 9 hana, miezi 18 hana, saa hizi anasoma, anapiga mpira anavunja vioo vya watu.

Baadae wakamhamishia kidonge cha TLD, ile yenye dolutegravir, ndoto kwisha. Akapimwa wingi wa virusi, vikawa havionekani kabisa, na mtu akibaki kwenye hali hiyo hamwambukizi mwenza kwa tendo, mtoto wa pili tumempata kwa njia ya kawaida baada ya kuongea na daktari. Ila mjamzito wa TLD angalia FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, madini ya chuma yanazuia dawa isinyonywe vizuri, ameze zote pamoja na chakula au aachanishe masaa. Na wewe kwa sasa ni kondomu mpaka virusi vyake vishuke, na ulizia PrEP, hicho ni kidonge cha kujikinga cha wewe usiye nao.

Mkiogopa macho ya watu chukueni dawa kliniki ya mbali. Sisi tulipanda basi mwaka mzima kukwepa majirani, nauli ikatuchosha, tukahamia hapa karibu. Asubuhi ya kwanza tunaingia vichwa chini, nani yuko benchini? Balozi wetu wa nyumba kumi, na kadi yake mkononi. Akasogea tukakaa.